Jicho la Juu na Haki ya Aliye Bondeni

Ndugu msomaji, katika vitabu vya fiqhi vinavyozungumzia majengo na ujirani mna mas-ala moja ambayo kwa mara ya kwanza yaweza kukuchekesha. Mwadhini akipanda mnarani, na kutoka kule juu akawa anaona ndani ya nyua za majirani, pale walipo wake zao na binti zao, afanywe nini? Adhana ni ibada na msikiti ni nyumba ya Mwenyezi Mungu. Hata hivyo wako wanazuoni waliosema kwamba mtu huyo azuiwe kupanda, mpaka ijengwe sitara ya kuyakinga macho yake. Maana kule juu hakupanda kwa ajili ya kutazama. Amepanda kwa ajili ya kuita.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu leo uko mnara mwingine juu yetu, mrefu kuliko minara yote iliyopata kujengwa kwa mawe na chokaa, na walioko juu yake wamepanda kwa ajili ya kutazama hasa. Nakusudia setilaiti, vile vyombo vinavyoizunguka dunia na kuipiga picha usiku na mchana. Wenye kupanga miji wanazidi kuzitegemea picha hizo: wapi patapita barabara, wapi pasijengwe, mtaa gani umekosa miti, bonde gani litafurika. Nami nataka tuulizane, mimi nawe, sheria ya mnara huu ni ipi. Mwenye kuona kutoka kule, amewajibika na nini? Na sisi tunaoonwa, tunamdai nini?

Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha chombo cha kwanza kilichotengenezwa makusudi kwa kuipiga picha nchi kavu ya dunia nzima, kurudia na kurudia. Baadaye kilikuja kuitwa Landsat, na wenzake wakakifuata mmoja baada ya mmoja hadi Landsat 9 ya mwaka 2021. Hivi vya sasa huruka kilomita 705 juu yetu, na kila kimoja hurejea juu ya mahali pale pale kila baada ya siku 16, mnamo saa nne za asubuhi, wakati masoko yamekwisha changamka. Ulaya nayo imekuwa ikirusha vyake, viitwavyo Sentinel, tangu mwaka 2014.

Wala tusiseme kwamba mambo haya ni ya ugenini, kwa sababu sisi watu wa pwani tulikuwapo tangu mapema. Pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kutoka jukwaa la chuma lililosimamishwa baharini, Wataliano walirusha vyombo vya angani tangu mwaka 1967 hadi 1988. Kimoja kiliondoka pale tarehe 12 Desemba 1970, na kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, kikapewa jina la Kiswahili, kikaitwa Uhuru. Lakini Uhuru hakikututazama sisi. Kiliupa ulimwengu huu kisogo kikatazama nyota. Ilibidi kupita zaidi ya miaka 50 ndipo Kenya yenyewe, tarehe 15 Aprili 2023, ikapata Taifa-1, chombo chake cha kutazama ardhi, nacho kilirushwa kutoka Marekani.

Yafaa kwanza tujue jicho hili huona nini, kwani wako wanaolikuza kupita kiasi wakadhani kwamba laweza kusoma barua iliyo mkononi mwa mtu, na wako wanaolidharau. Picha ni mkusanyiko wa nukta. Katika Landsat ya kwanza nukta moja ilikuwa na ukubwa wa karibu mita 80 kwa 80, yaani karibu uwanja mzima wa mpira. Tangu miaka ya 1980 nukta ikapungua ikawa mita 30 kwa 30, na Sentinel-2 huona kwa mita 10. Katika mtaa kama wa Manzese au Tandale, nukta ya mita 30 humeza nyumba kadhaa, pamoja na vichochoro vyake na mwembe wao. Ziko nyingine za biashara, zinazouzwa kwa fedha nyingi, ambazo nukta yake ni sentimita 30 tu. Hizo zinaliona gari moja moja na paa moja moja.

Basi nguvu yake iko wapi, ikiwa haoni zaidi ya mtu aliyepanda mnazi? Iko katika mambo mawili. La kwanza ni kwamba huona mwanga ambao jicho la mwanadamu haulioni. Jani bichi lenye afya huunywa mwanga mwekundu, na huurudisha kwa wingi ule mwanga ulio ng'ambo ya wekundu, ambao sisi hatuna macho nao. Bati, saruji na udongo mtupu havifanyi hivyo. Kwa kulinganisha mianga hii miwili, chombo hupambanua palipo na majani na palipo na majengo, kwa mji mzima, katika picha moja. Vingine hupima joto la paa na la lami. Vingine, kama Sentinel-1, hutumia rada, ambayo hupenya mawingu, nasi twajua masika ya pwani yalivyo na mawingu. Rada hiyo hiyo, kwa kulinganisha picha za nyakati mbalimbali, huweza kugundua ardhi inayozama kwa kiasi cha sentimita moja kwa mwaka, au hata chini ya hapo.

La pili ni kumbukumbu, na kwa maoni yangu hili ndilo kubwa. Mwanadamu husahau, na mji husahau upesi zaidi, kwa sababu kila mwaka huingia watu wapya wasiojua palikuwa na nini. Chombo hiki kimeandika daftari lake tangu mwaka 1972. Na daftari hilo zamani liliuzwa. Katika miaka ya 1980 picha moja ilifikia bei ya maelfu ya dola, hata ofisi ya mji maskini isiweze kuinunua picha ya mji wake wenyewe. Mwaka 2008 Marekani ikaifungua hazina yote ya Landsat bila ya malipo, na picha za Sentinel nazo hutolewa bure. Tangu hapo udhuru wa bei umeondoka.

Sasa chukua mji wa Dar es Salaam, ambao hapana ukoo wa pwani usio na ndugu ndani yake. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 iliukuta na watu wapatao laki mbili na elfu sabini. Ile ya mwaka 2022 ilikuta watu milioni 5 na laki 3 na ushei. Ukizipanga picha zake kwa mfuatano, za miaka ya 1970, za 1980, na kuja hadi leo, utaona mji ukitambaa kwa vidole vinne, kufuata barabara za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa. Kisha nafasi zilizokuwa kati ya vidole zikajaa, mikorosho na minazi ikaondoka, mabati yakaenea mpaka kwenye vilima.

Katikati ya picha hizo kuna mshipa mmoja wa kijani uliopinda pinda. Huo ni Mto Msimbazi. Huteremka kutoka vilima vya Pugu, hupita kati ya mitaa, hupanuka pale Jangwani na kuingia baharini kwenye mikoko ya Daraja la Selander. Katika picha za kwanza mshipa huo ni mpana. Kadiri miaka inavyokwenda huzidi kubanwa huku na huku, kama mtu aliyekalia benchi na wenzake wakawa wanaongezeka mmoja mmoja.

Na hapa ndipo penye jambo la kufikiri. Ardhi yenye majani huinywa mvua na kuiteremsha chini polepole. Bati halinywi hata tone, na ua uliosakafiwa wote kwa saruji haunywi. Mvua ile ile iliyokuwa ikichukua muda mrefu kufika mtoni, sasa hufika upesi na kwa pamoja, imebeba mchanga, imebeba takataka zilizotupwa mifereji ya juu. Maji humkuta aliye bondeni. Lakini yalikoanza ni kwetu sisi tulio juu.

Mwezi wa Desemba mwaka 2011 ilinyesha mvua kubwa mno mjini Dar es Salaam. Watu wapatao 40 walikufa, na maelfu wakakosa pa kulala. Wengine serikali iliwahamishia Mabwepande, mbali na mji. Mwezi wa Aprili mwaka 2018 maji yakarudi tena bondeni. Barabara ya Morogoro pale Jangwani imekwisha fungwa kwa mafuriko mara nyingi hata mtu ameacha kuhesabu, na karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa pale nayo iliogelea.

Je, haikujulikana? Ilijulikana. Ramani kuu ya mji ya mwaka 1979 ilikwisha litaja bonde hilo kuwa mahali pa hatari, pasipojengwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaihesabu ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto kuwa ardhi ya hatari. Na picha kutoka juu zilikuwa zikionyesha, siku 16 baada ya siku 16, kwamba panajengwa. Haikuwa siri ya mtu.

Kwa hiyo tuseme lile la wazi kwanza, tulimalize. Mtu aliyesimama mahali pa juu akaona maji yanakwenda kwenye nyumba ya jirani aliyelala, naye akanyamaza, hawezi kusema kesho kwamba si yeye aliyeyaleta maji. Ujuzi wa hatari ni amana. Yule mtu wa zamani, ambaye hakuwa na njia ya kuuona mji wote kwa pamoja, alikuwa na udhuru mbele ya watu na mbele ya Mola wake. Mwenye picha mezani hana. Na simkusudii waziri na mkurugenzi peke yao. Namkusudia pia karani aliyeziona nukta zikibadilika rangi akafunga faili, na mwenye kuuza kiwanja kando ya mto akijua, tena akamwapia mnunuzi kwamba maji hayafiki hapo.

Lakini usifanye haraka, ndugu msomaji, kwa maana hoja hiyo ina ncha ya pili, nayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwaka 2004 Wizara ya Ardhi ya Tanzania ilianza kazi ya kuzitambua nyumba za mitaa isiyopimwa ya Dar es Salaam, ikatumia picha za setilaiti pamoja na kuwauliza watu wenyewe mtaani. Zaidi ya nyumba laki mbili zilitambuliwa, na mwenye nyumba akaweza kuchukua leseni ya makazi, hati ya muda, ambayo hata benki ingeweza kuitazama. Kwa mtu ambaye maisha yake yote hakuwa na karatasi yoyote inayosema kwamba yeye ni wa mahali fulani, haikuwa kitu kidogo. Jicho la juu lilimwona, likamwandika.

Kisha ukaja mwezi wa Desemba mwaka 2015. Katika bonde lile la Msimbazi zikapigwa alama za X kwa rangi nyekundu juu ya kuta, na mashine zikaja kuvunja. Wako waliosema kwamba wana leseni za makazi, na kwamba kodi ya jengo wamelipa kwa miaka. Wengine walikimbilia mahakamani, na mwezi wa Januari mwaka 2016 baadhi yao wakapata zuio la muda. Wenye serikali walisema, na kwa upande wao walisema kweli, kwamba hapa watu hufa, na kwamba sheria iko. Mwenye nyumba alisema, naye kwa upande wake alisema kweli, kwamba nilipojenga mlinitazama, mliponiandika mlinitazama, mliponitoza kodi mlinitazama, na leo mnaniambia hamkunijua?

Tazama basi: picha ni moja. Jana ilitumika kumwandika mtu, leo yaweza kutumika kumwondoa. Picha haikusema uongo katika siku hizo mbili. Ilisema, hapa pana paa. Mengine yote yalisemwa na watu.

Katika karne ya 14, mjini Tunis, aliishi fundi mmoja wa uashi jina lake Ibn al-Rami. Mtu huyu aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za majengo: kuta za ushirika, moshi wa matanuri, mifereji inayopita kwa jirani, madirisha yanayochungulia. Aliyajua kwa sababu makadhi wa Tunis walikuwa wakimtumia. Palipozuka kesi ya ukuta au ya maji, fundi kama yeye alitumwa akatazame, arudi aeleze alichokiona. Maneno yake yalikuwa na uzito, maana ni maneno ya mwenye ujuzi, na asiyejua hafai kumpinga ajuaye katika kazi yake. Lakini hukumu haikuwa ya fundi. Ilikuwapo pia habari ya nani aliyetangulia kujenga, na maji yalikuwa yakipita wapi zamani, na waliridhiana nini hao majirani. Na habari hizo hazionekani ukutani hata kwa fundi hodari. Hizo huulizwa watu.

Kwa maoni yangu setilaiti ni fundi wa namna hiyo. Tukimtuma, tumsikilize, tena tumsikilize kwa adabu, kwa kuwa ameona tusichoweza kuona. Ila tusimkalishe kwenye kiti cha kadhi. Yeye hakuona kwamba ndani ya paa lile yumo mama mjane anayekaanga maandazi usiku wa manane ayapeleke Kariakoo alfajiri kwa miguu, na kwamba akihamishiwa mahali pa nauli mbili biashara yake imekufa. Hajui kama mtu amepanga au amejenga, kama amerithi au ameuziwa na tapeli. Hata maji yenyewe hayajui vizuri unavyodhani. Rada huyatambua maji yaliyotulia juu ya shamba, kwa kuwa huonekana meusi. Lakini maji yaliyo baina ya nyumba zilizosongamana humchanganya, mawimbi yake hugonga kuta na kurudi yakawa kana kwamba hapana mafuriko. Pale pale penye watu wengi ndipo ushahidi wake ni dhaifu.

Ndiyo maana imenipendeza kazi iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 2015 kwa jina la Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizichukua picha za kutoka juu, kisha wakaingia mitaani kwa miguu, pamoja na wenyeji, wakaandika kila mfereji, kila kichochoro, kila kalavati lililoziba. Na waliwauliza watu swali ambalo hapana chombo cha angani kiwezacho kulijibu: mwaka ule maji yalifika wapi, magotini, kiunoni au dirishani? Bibi wa mtaa wa Tandale akaonyesha kwa kiganja kwenye ukuta, na kiganja chake kikawa kipimo. Huyo ni shahidi wa pili. Nasi twajua katika mambo ya mali na haki za watu shahidi mmoja, hata awe mwadilifu namna gani, huhitaji mwenziwe.

Turudi kwa mwadhini wetu, kwani sikumtaja kwa kupamba maneno tu. Nyumba zetu za pwani, tangu Lamu hadi Kilwa, zilijengwa kwa kuyahesabu macho ya watu. Daka la mlango, ukumbi unaopindana ili mpita njia asione ndani, ua wa katikati ulio wazi juu kwa mbingu peke yake. Mjenzi wa zamani aliona kwamba upande wa juu hauna mtu. Sasa una mtu. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kazi ya kuvipiga picha visiwa vyake kwa ndege ndogo zisizo na rubani, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakijifunza kuzirusha, na picha zake zinaonyesha mambo ya ukubwa wa sentimita chache. Faida yake ni kubwa kwa upimaji wa ardhi na kwa mipango ya miji, na isikanushwe. Lakini nukta ya sentimita chache si nukta ya mita 30. Ile ya mita 30 hainidhuru mimi wala ahali yangu. Hii yaweza kuona kamba ya nguo uani.

Dini yetu imekataza kuchungulia na kupekua mambo ya watu yaliyositiriwa, na katazo hilo halikuwekewa mpaka wa urefu wa ngazi. Sisemi ndege hizo zisiruke. Nasema kila mwenye kupanda awe na haja inayojulikana, aionyeshe, na aone kiasi cha haja yake. Mwenye kutaka kujua bonde limebanwa kiasi gani anatoshwa na mita 10. Mwenye kutaka kupima mfereji na atangaze mtaani siku ya kuruka, ili watu wajisitiri, na picha zisihifadhiwe na kila mtu. Serikali ikiuliza wenye mtaa kwanza, imepungukiwa na nini? Siku mbili tatu labda.

Na sasa lile ambalo huenda hutalipenda, kwa maana nami sikulipenda nilipolifikiri. Tunapozungumza habari ya watu wa bondeni tunazungumza kana kwamba wao ndio kosa. Wamejenga mahali pasipofaa, basi. Lakini hebu itazame ile picha ya mji wote, wala si bonde peke yake. Hizo mabati zote za juu ni za nani? Huo ua uliokuwa na mchanga na mti wa mfenesi, ukasakafiwa wote na kuwekwa vigae ili gari lisipate vumbi, ni wa nani? Ule mfereji wa jirani uliofukiwa ili kupatikana nafasi ya fremu mbili za maduka, kodi yake anakula nani? Mwenye fiqhi atakuambia kwamba madhara yanayomfikia jirani kwa ajili ya kitendo changu hayawi halali kwa kuwa nimeyatenda ndani ya kiwanja changu. Zamani ningeweza kusema jirani yangu ni yule ambaye kuta zetu zimegusana. Picha imenionyesha kwamba jirani yangu ni pia yule ambaye maji ya paa langu humfikia, ingawa yu mwendo wa saa nzima kwa mguu na sijapata kumwona uso.

Hili ndilo ambalo picha hizi zimeongeza katika elimu yetu ya ujirani, na kwa hili peke yake ningezishukuru. Zimeurefusha ujirani. Mwenye kununua kiwanja Kimara anajifunga kwa mtu wa Kigogo, ajue asijue.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa Dola milioni 200 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi. Katika mpango huo mnatajwa daraja jipya la Jangwani, kuchimba na kupanua njia ya mto, kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani ya watu wote, na kuwahamisha wakazi kwa fidia. Mpango huu ulitokana na ramani na hesabu za maji ambazo picha za kutoka juu na kazi ya wale wanafunzi zina sehemu ndani yake. Neno la fidia ni afadhali kuliko alama ya X, na ni haki kusema hivyo. Lakini hesabu ya fidia ina ugumu wake: nyumba inapimika, na kiwanja kinapimika, lakini umbali wa kutoka Kariakoo haumo katika hesabu, wala majirani wa miaka 30. Nami najiuliza, katika fedha hizo zote, je, kuna hata senti inayodaiwa kwetu sisi wa juu? Aliyehamishwa ametoa nyumba yake. Sisi tumetoa nini? Pengine kwa uchache tuuache mchanga wa uani uonekane, tulichimbe shimo la kunywea maji ya paa, na mfereji unaopita mbele ya mlango wetu tuuzibue kabla ya masika badala ya kumngoja bwana afya wa mji.

Siku moja nilikuwa na picha moja ya zamani ya Dar es Salaam, ya miaka ya 1980, niliyoichapisha kwenye karatasi kubwa, na nyingine ya miaka hii. Nilizipeleka barazani baada ya Alasiri nikamwonyesha mzee mmoja ambaye amekaa kando ya bonde tangu ujana wake. Alizishika kwa mikono miwili, akazisogeza mbali kidogo kama wafanyavyo wazee, akanyamaza kitambo.

"Mimi niko wapi hapa, mwanangu?" akauliza.

Nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Palikuwa na nukta ya rangi ya kijivu.

"Hii?"

"Hiyo, Mzee."

"Hii ni nyumba yangu?"

Nikamweleza kwamba ni nyumba yake, na ya jirani yake wa kushoto, na ile iliyo nyuma, na choo, na njia. Zote ni nukta moja. Alicheka, akamwita mjukuu wake aje aone jinsi walivyokuwa wadogo. Kisha kicheko kikamwisha, akaiweka ile picha ya zamani juu ya mkeka, akaweka kidole mahali penye kijani.

"Hapa palikuwa na kijito," akasema. "Kikishuka kutoka kule juu kwenye mikorosho. Nyinyi hamkijui. Walikifukia, nadhani, yule mtu aliyejenga ghala. Tangu hapo maji hayana pa kupita, yanakuja kwangu. Huyo jamaa yenu wa juu amekiona?"

Nikaitazama ile picha ya miaka hii. Pale alipoweka kidole palikuwa na nukta nne nyeupe, bati tupu. Nikamwambia ameona ghala, lakini kijito hakukiona.

"Basi lete kalamu," akasema, na mjukuu wake akaigeuza karatasi upande wa nyuma, akaanza kuandika kadiri babu yake alivyokuwa akimtajia, tangu mkorosho wa kwanza.